Mara nne nimegombea ubunge, na ofisi bado ipo

Sokoni wananiita Mheshimiwa. Muuza dagaa akiniona tu anaanza, "Mheshimiwa, leo wazuri!" Bungeni sijawahi kukaa hata siku moja, labda ile mara niliyokwenda Dodoma kwa kesi nikapita nje ya geti. Nimegombea 2005, 2010, 2015 na 2020, kwa vyama viwili, na mara zote nne nimeangushwa. Jina limebaki, kama tope linavyobaki kwenye viatu.

Mimi ni wakili wa kujitegemea katika mji mdogo wa wilaya, huku kwenye mkonge wa Tanga. Ofisi ni chumba kimoja kando ya stendi, na anayeishi hapa anajua wakili wa mji kama huu anakula nini: mirathi, migogoro ya mashamba, hati za kiapo, na kugonga muhuri nakala za vyeti vya vijana wanaoomba kazi. Hakuna mteja mmoja wa kukulisha mwaka mzima. Ukifunga mlango miezi mitatu, mtaa mzima umeshajua njia ya kwa wakili mwingine.

Watu huniuliza nimewezaje kushindwa mara nne bila kuuza nyumba. Jibu la kweli linaanza na 2005, mwaka ambao nusura niuze kitu kikubwa kuliko nyumba.

Nilikuwa na shilingi milioni 6, bei ya kiwanja changu. Nilizigawa kama mtu mwenye akili: gari la kukodi, mafuta, spika, posho ya mawakala, mpaka tarehe 30 Oktoba, siku ya kura. Siku chache kabla, mgombea mwenza wa urais wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, akafariki. Sheria inasema uchaguzi wa rais uahirishwe chama kipate nafasi ya kuweka mtu mwingine. Zanzibar walipiga kura zao tarehe ile ile. Sisi Bara tukasogezwa, na ubunge pia, hadi 14 Desemba. Siku 45. Mgombea mwenye chama tajiri nyuma yake alizipokea kama likizo. Mimi nilikuwa nimebakiza mafuta ya siku mbili.

Kumbuka pia takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, ilikuwa bado halali. Mahakama Kuu iliitengua mwaka uliofuata, 2006, lakini ule mwaka wenyewe mtu aliweza kukuuliza hadharani, "Mheshimiwa, chai iko wapi?" na wewe huna sheria ya kujifichia.

Ofisini kulikuwa na pesa. Si zangu. Nilikuwa nimesimamia uuzaji wa nyumba ya marehemu mmoja, na shilingi milioni 11 za warithi watano zilikuwa zimelala kwenye akaunti ya wateja zikisubiri mahakama imalize mgawanyo. Mgawanyo ungefika Februari au Machi. Usiku mmoja nilikaa na kalamu nikajipigia hesabu: nachukua milioni 3, Januari narudisha, nani atajua? Nilijua vizuri jina la kitendo kile. Nimewahi kuwasomea wengine maadili ya uwakili. Ajabu ni jinsi akili inavyopata maneno laini. Sikusema kuiba, nilisema kuazima.

Asubuhi nikamwomba karani wangu kitabu cha hundi cha akaunti ile. Mama huyu alikuwa nami tangu nafungua ofisi. Alinizidi miaka kumi na nilimwita Dada. Akafungua droo, akafunga, akasema, "Hundi zimekwisha, wakili. Nimeshaagiza benki, wamesema wiki tatu." Tawi la benki liko Tanga mjini, na mimi nilikuwa na mikutano mitatu siku ile. Nikauza mashine ya fotokopi. Desemba nikashindwa, nafasi ya tatu. Januari nikawa navuka barabara kwenda kutoa nakala za mashtaka yangu mwenyewe dukani kwa Mpemba, kwa shilingi hamsini karatasi.

Kuanzia hapo nikaweka taratibu. Mwaka wa uchaguzi, kila Juni, nachukua mafaili yote yanayotembea na kuandika ukurasa mmoja kwa kila moja: tumefikia wapi, tarehe ijayo lini, mteja anapatikanaje. Mafaili yale nampelekea msomi mwenzangu wa Korogwe, anayeingia mahakamani kwa niaba yangu tukigawana ada nusu kwa nusu. Wateja nawaambia mapema, uso kwa uso. Wengine huondoka, sawa, lakini anayeondoka kwa kuagwa hurudi. Anayesusa kwa sababu kesi yake imeahirishwa mara tatu wakili akiwa juu ya pikapu na spika, huyo humpati tena, na atawasimulia ndugu zake wote.

Na muhuri: kampeni zikianza, namlipisha kila mtu. Zamani vijana niliwagongea bure. Lakini tangu 2010 tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na mgombea anayegonga vyeti bure mwezi wa Septemba anajitafutia pingamizi. Basi nikaitwa mchoyo. Najua kura nilizopoteza kwa shilingi elfu mbili za muhuri. Wengine wananiambia mpaka leo.

2010 nilijifunza jambo ambalo wakili hakupaswa kufundishwa. Safari hii nilikaribia. Usiku ule wa 31 Oktoba matokeo ya simu yalikuwa yananipa matumaini, kisha mchana wa pili yakatangazwa mengine. Mtu ana siku 30 kufungua shauri Mahakama Kuu. Pia anaweka amana ya gharama za kesi, isiyozidi milioni 5 kwa kila mjibu maombi, yaani kila anayelalamikiwa. Hiyo ya "isiyozidi" tuliipata kwa jasho la Julius Ndyanabo, aliyeshindwa ubunge jimbo la Nkenge mwaka 2000 kisha akaipinga sheria ya amana yenyewe, na Februari 2002 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Kesi ile nimeisoma mpaka karatasi zimelainika. Kwa hiyo hoja nilikuwa nazo.

Sikuwa na fomu 21B, zile za matokeo ya ubunge za kila kituo ambazo wakala hupewa nakala. Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Wakala mmoja alisema kaiacha shuleni. Mwingine alimpa mwenyekiti wa tawi, naye mwenyekiti akasema hajaiona. Kituo nilichokitegemea kuliko vyote kilikuwa na kijana mwaminifu kabisa, aliyekesha na kukataa hata soda. Aliikunja fomu akaiweka mfuko wa shati, akalala. Mkewe akafua. Alinitolea donge jeupe, gumu, dogo kama yai la kanga, akanishikisha kwa mikono miwili. Nililigeuza geuza. Kuna sehemu wino wa bluu ulionekana bado.

Sikufungua shauri. Miaka yote nawakaripia wakulima, "Karatasi iko wapi, mzee? Mahakama inataka karatasi!" Tangu siku ile nawakaripia kwa sauti ya chini.

2015 sina mengi. Niligombana na chama changu, na kwa Katiba yetu, ibara ya 67, huwezi kugombea ubunge bila kudhaminiwa na chama. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa Mchungaji Mtikila ushindi juu ya mgombea binafsi mwaka 2013, lakini ibara haikubadilika, kwa hiyo nikahamia chama kingine kama mtu anayebadili basi njiani. Upepo ulikuwa wa urais, sisi wa majimboni tulibebwa au tulikanyagwa.

2020 inachekesha, sasa hivi angalau. Madiwani watarajiwa saba walikuja ofisini niwajazie fomu. Nikawajazia usiku kucha, nikakagua kila nukta, na wote saba wakapita. Fomu yangu, 8B, ile ya kugombea ubunge, niliijaza alfajiri ya tarehe 25 Agosti, siku ya mwisho. Nikawekewa pingamizi: mdhamini wangu mmoja, namba ya kadi yake ya mpigakura ina tarakimu moja imekosewa. Nikaenguliwa. Nilikata rufaa Tume nikarudishwa, siku kumi na tisa za kampeni zikiwa zimekwenda. Fundi cherehani na suruali iliyochanika.

Karani wangu amestaafu mwaka jana. Siku ya kukabidhi funguo tulipitia droo moja moja. Ya chini kabisa, chini ya karatasi za kaboni, akatoa kitabu cha hundi cha akaunti ya wateja, cha mwaka 2005. Kilikuwa hakijafikiwa nusu. Nilimtazama, naye akaendelea kufuta vumbi.

"Ulikuwa na macho mabaya wiki ile, wakili," akasema.