Ninavyoimarisha ulimi wa mtu mzima

Ulimi ni msuli, na msuli hauongezeki nguvu kwa kuchezeshwa tu. Kuutoa nje na kuupeleka huku na huko mbele ya kioo kunausaidia kuwa mwepesi, basi. Nguvu hutaka kitu cha kuupinga, na kiasi chake kijulikane.

Kwa hiyo naanza na kipimo. Kifaa changu kina puto dogo la hewa kwenye ncha ya mrija, na husoma shinikizo kwa kilopaskali. Puto hukaa kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Mtu hulibana kwa ulimi, kwa nguvu zake zote, sekunde mbili au tatu, akapumzika nusu dakika, mara tatu. Nachukua namba kubwa. Ikiwa ni 40, wiki ya kwanza anabana kwa asilimia 60, yaani 24, kisha asilimia 80, yaani 32. Ni mara 10 puto likiwa mbele ya ulimi na 10 likiwa nyuma yake, mara tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane.

Napima upya kila wiki mbili. Wengi hulegeza hapa: mtu ameshafika 48, bado anabana 32 ileile, ambayo sasa ni theluthi mbili tu.

Taya nalo hudanganya. Nikiweka vidole kwenye pembe ya taya nikahisi msuli unatuna, najua meno ndiyo yanayofanya kazi. Yanatakiwa kuugusa mrija bila kuuma. Puto likiteleza, namba huyumba, kwa hiyo nabandika utepe kwenye mrija usawa wa midomo.

Asiye na kifaa husukuma kijiti bapa cha mbao kwa ulimi. Nguvu huongezeka pia, ila mzigo unakisiwa.

Matokeo? Nguvu hupanda, hata kwa wazee. Kumeza baada ya kiharusi huweza kuwa bora, lakini si kwa kila mtu. Kwa usemi mzito siahidi nafuu kabisa, maana kuongea hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya ulimi. Mwenye ugonjwa unaochosha misuli haraka, kama miastenia, simpi mzigo huu.

Mtu akiacha, nguvu hushuka, hivyo baada ya wiki nane napunguza siku badala ya kukatisha.