Mgongo Wangu na Mbuzi Waliotupa Mimba

Kwa miezi minne niliamini kwamba kiuno changu kilikuwa kimechoka kwa sababu ya umri na kubeba magunia ya pumba. Maumivu yalizidi usiku, na mara nyingi niliamka alfajiri fulana imeloa jasho kiasi cha kuweza kukamuliwa. Homa ilikuja na kuondoka. Zahanati ya kwanza ilinipa dawa ya malaria bila kunipima, ya pili ikasema ni taifodi, na mara zote mbili nikapata nafuu ya siku chache, ambayo baadaye nilielezwa kuwa ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Sishangai sana. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu ya waliolazwa kwa homa walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100.

Picha ya MRI ilionyesha pingili mbili za kiuno zimeshambuliwa, na ugonjwa wa kwanza kutajwa ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari mmoja kijana alisita, akaeleza kwamba kifua kikuu mara nyingi hushika pingili za juu zaidi na kuziponda, lakini zangu zilikuwa bado zimesimama. Kisha akauliza, "Mzee, unafuga? Kuna mnyama aliyetupa mimba?" Nikawakumbuka mbuzi wangu wawili wakati wa masika, nami nikivuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Damu yangu iliwekwa maabara ili vimelea vilivyomo vikue, na siku ya tisa vikaonekana vya brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kwa mifugo, kwa kushika kondo la mnyama mgonjwa au kunywa maziwa yasiyochemshwa.

Brusela ya kawaida hutibiwa kwa wiki 6, ila ikishaingia mfupani huhitaji angalau miezi mitatu. Nilimeza doksisaiklini na rifampisini kwa muda huo wote, na wiki tatu za mwanzo nikachomwa sindano ya streptomaisini kila siku. Mkojo ulipogeuka rangi ya chungwa nilishtuka, kumbe ni rifampisini. Doksisaiklini haimezwi na maziwa, kwa kuwa hupunguza nguvu yake, nami nililelewa kwa kumeza kila kidonge na maziwa! Wiki ya tano maumivu yalikwisha na nikataka kuacha dawa, lakini mke wangu alikuwa akipiga alama kwenye kalenda ya ukutani kila nilipomeza, na alinionyesha visanduku vilivyobaki.

Mama bado analalamika kwamba maziwa yaliyochemshwa hayana ladha. Namchemshia hivyo hivyo, na glavu zangu zinaning'inia kwenye mlango wa zizi.