Ovaroli mbili katika karakana moja

Hapa Lubumbashi, mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, katika miaka ya 1970 au 1980 haanzi kwa kukuambia kwamba alikuwa fundi umeme au dereva. Hukuambia kwamba yeye ni mwana Gécamines, na mkewe na watoto wake husema vivyo hivyo. Hali hiyo ilijengwa kwa makusudi. Kuanzia miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, ilipunguza kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao na kuwapa nyumba, posho, shule na matibabu. Mali zake zilipotaifishwa mwaka 1967 utaratibu huo uliendelea, na watu wakaiita kampuni baba na mama bila kutania.

Wengi huhitimisha kwamba mshikamano huo ndio uliotoa shaba. Mimi nakubali nusu tu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikisha hata tani 50,000, ingawa waliobaki waliendelea kujiita wana wa kampuni ileile. Mapenzi hayanunui vipuri. Tena, kati ya mwaka 1992 na 1993, siasa ilipowagawa watu kwa asili, wafanyakazi wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walifukuzwa hapa Katanga, na ujuzi wa miaka mingi ukaondoka nao kwa treni.

Hata pale ambapo vifaa vipo na watu wanapendana, kundi linaweza kukubaliana kufanya kazi kidogo. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, mwaka 1931 na 1932, watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu, wakaona kwamba walikuwa wamejiwekea kiasi chao cha kazi kwa siku, na aliyezidisha alipigwa ngumi begani na wenzake. (Nadhani kila kapita, yaani msimamizi wa kazi, wa hapa kwetu anaifahamu ngumi hiyo, hata kama kwake huja kwa maneno tu.) Mwaka 2000 Daan van Knippenberg, mtafiti wa saikolojia ya kazi, alieleza kwamba kujitambulisha na kundi huinua utendaji pale tu mtu anapojiona kweli kuwa mmoja wa kundi hilo wakati wa kazi, na pale kundi lenyewe linapoona kufanya vizuri kuwa ni kwa faida yake.

Sharti hilo la pili ndilo linaloniwasha ninapotazama migodi ya leo, ambako fundi wa kampuni mama na fundi wa mkandarasi hushika bomba moja wakiwa wamevaa ovaroli za rangi mbili, wenye mishahara tofauti, mmoja akiwa na mkataba wa kudumu na mwingine akisubiri mkataba wake uongezwe. Huyu wa pili akiona mafuta yanavuja upande usio wake, kutoa taarifa kunamletea maswali, ilhali sifa ya mashine kutokuharibika itakwenda kwa wale wengine. Basi hunyamaza, na meneja hudhani tatizo ni uvivu, akaagiza semina ya ari ya pamoja. Ningependa kwanza aalike ovaroli zote mbili kwenye kikao kimoja cha usalama cha asubuhi, na bonasi ya mashine isiyosimama igawiwe kwa kila aliyeihudumia, bila kuangalia nani anamlipa mshahara.