Mbuzi wangu na zile hela za corona

Juzi napanga makaratasi ya kodi nikakutana na barua ya 2020, nikacheka peke yangu. Dola 636. Hiyo ndiyo corona yangu kwa hesabu ya serikali ya Marekani.

Niko Iowa, kaunti ya mashamba matupu, ukitoka kwangu ni mahindi, soya, mahindi, soya mpaka macho yachoke. Nafuga mbuzi wachache, wateja ni Wakenya, Wasomali na Wakongo, wanakuja Jumamosi, wanachagua, tunabishana bei, wanalipa kashi wanaenda. Biashara yenyewe ni hiyo.

Sasa Aprili 2020 kiwanda kikubwa cha kuchinja nguruwe pale Waterloo kikafungwa, wafanyakazi wanaugua, na jirani yangu, mzee mmoja Mzungu, ana nguruwe kama elfu tatu hawana pa kwenda. Watu hudhani nguruwe anaweza kungoja tu, hawezi, anazidi kunona mpaka anapita saizi ya mashine za kiwandani, na nyuma yake wadogo washakua wanataka nafasi. Nilimwona amesimama nje ya banda hata hakunipungia mkono, na yeye hupungia kila gari.

Serikali ikasema itawapa wakulima dola bilioni 16 mkononi, fomu zikaanza kupokelewa Mei 26. Ofisi ya kilimo ya kaunti ilikuwa imefunga mlango, mambo yote kwa simu, basi nikapiga. Mama aliyepokea akauliza nafuga nini, nikasema mbuzi. Kimya. Namsikia anapekua. Ng'ombe wapo, nguruwe wapo, kondoo wapo tena wa chini ya miaka miwili tu, mbuzi hayupo. Akaniomba msamaha utadhani orodha aliandika yeye, maskini.

Nguruwe aliyekuwa bado bandani alikuwa na dola 17, kwa hiyo elfu tatu ni 51,000, na waliouzwa mapema mwaka huo walikuwa na malipo yao mengine juu ya hapo, kikomo 250,000 kwa mtu mmoja. Sina wivu na mzee, wallahi, nilimwona siku zile. Ila hela ilifuata vichwa, mwenye vingi akabeba nyingi, hata kama ndiye mwenye benki ya kumkopesha, na wa mbuzi ishirini akae aangalie.

Septemba ikaja awamu ya pili, na mbuzi wakaingia! Lakini sio kwa kichwa, ni asilimia 10.6 ya mauzo yako ya 2019 kama hayakufika elfu hamsini. Haya, 2019 niliuza ngapi? Mimi sijui. Mke wangu ndiye akatoa daftari la shule la mtoto, nyuma kabisa, kwa penseli: "wale wa Des Moines, mbuzi 2, wamelipa 350, bado 50". Kurasa nne hivyo. Tukajumlisha usiku mzima, ikaja elfu sita, tena zile zile tulizokuwa tumelipia kodi, na asilimia 10.6 yake ndiyo ile 636. Na hiyo 636 nayo inakatwa kodi, usifikiri.

Kuna mama Mkongo analima lengalenga, yaani mchicha, nusu eka karibu na sisi, anauza nje ya kanisa. Mboga zake zilikuwa kwa hesabu hiyo hiyo, nikamwambia piga simu. "Ndugu yangu, nitaandika nini? Mimi nauzaka kwa sachet." Yaani vifuko vya plastiki. Unatia sahihi kwamba unachosema ni kweli na wanaweza kukuuliza ushahidi baadaye, akaogopa, na kusema kweli hata mimi ningeogopa. Desemba 11, siku ya mwisho ya kuomba, ikapita.

Mwaka uliofuata nikampelekea daftari jipya na kalamu mbili. Majuzi nikamuuliza linaendeleaje, akanionyesha kwa furaha, limejaa mpaka pembeni, majina na hela za likelemba yao, ule mchezo wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Ya mboga hata mstari mmoja hakuna.