Haya mbele ya picha

Mdogo wangu anaamini kwamba aliyeingia makumbusho na kutoka macho makavu ametupa hela ya kiingilio. Yeye kulia kwake ni rahisi, hata kwenye arusi za watu asiowajua. Mimi sijawahi kulia mbele ya picha hata moja. Yanayonipata ni mengine, na leo nimeona niyaandike kabla hayajapoa.

Alinipeleka Rijksmuseum, Amsterdam, anakoishi. Watu wote walikuwa wamejazana mwisho wa ukumbi, kwenye ile picha kubwa ya mchoraji wa Kiholanzi Rembrandt, ya mwaka 1642, wale askari wa mgambo wanaotoka kwenda lindo. Simu juu, vichwa juu, ungedhani kuna kiongozi anapita. Picha hiyo imeamsha hisia kali kuliko machozi: mwaka 1975 mtu aliichanachana kwa kisu cha mkate, na mwaka 1990 mwingine akairushia tindikali. Nilitazama, nikaona ni kazi kubwa, nikapita.

Kilichonisimamisha ni picha nyingine ya mzee huyohuyo, ya miaka yake ya mwisho, isiyo na msongamano. Inaitwa Bibi Harusi wa Kiyahudi, jina ililobandikwa karne ya 19, muda mrefu baada ya mchoraji kufa. Mwanamume na mwanamke wamesimama gizani. Mkono wake mmoja mwanamume ameuzungusha begani kwa mwanamke, wa pili ameuweka kifuani pa mwanamke. Mwanamke naye ameugusa mkono ule kwa ncha za vidole tu, hausukumi wala haukandamizi. Hawatazamani. Kila mmoja anatazama pake, kama watu wanaosikiliza kitu kimoja.

Nikageuza uso. Sisemi kwa mafumbo, niligeuka nikatazama ukuta wa pili. Nilishikwa na haya, ile ya mtu aliyesukuma mlango wa watu bila kupiga hodi. Nimelelewa katika nyumba ambayo baba na mama hawakushikana mikono mbele yetu hata siku moja. Mapenzi yao tuliyajua kwa finyango ambazo mama alimwekea baba kando, na kwa jinsi baba alivyokohoa uani kabla ya kuingia. Sasa hapa naambiwa nisimame nikodoe macho kwa wapenzi wa watu, na nimelipia tiketi.

Jioni ndiyo nikasoma habari zao. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba hao ni Isaka na Rebeka, wa kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Walikuwa wageni Gerari. Isaka akiogopa kuuawa kwa ajili ya uzuri wa mkewe, akawaambia watu kwamba ni dada yake. Siku moja mfalme Abimeleki akachungulia dirishani, akawaona wanavyoshikana, akajua huyu si dada. Rembrandt aliwahi kukichora kisa hiki kwa kalamu, na mfalme yumo, anachungulia. Kwenye picha ya rangi mfalme hayupo. Anayesimama mahali pake ni wewe uliyekuja na tiketi. Kumbe haya yangu ilikuwa na sababu, na nadhani yule mzee alijua anachokifanya.

Mdogo wangu, yeye, alilizwa na mkono wa joho la mwanamume. Rangi pale imerundikwa nene, ina mabonde na vilima, mpaka yenyewe inanasa mwanga wa taa. Ukisogea ni tope la manjano. Rudi hatua mbili, ni hariri iliyotariziwa. Mwaka 1885 mchoraji Vincent van Gogh alikaa mbele ya picha hii, mwenzake akazunguka jumba zima na kurudi akamkuta palepale. Inasimuliwa alisema angetoa miaka kumi ya maisha yake aruhusiwe kukaa hapo siku 14 kwa ukoko wa mkate mkavu. Kwangu mimi hiyo ni husuda ya fundi kwa fundi, na ndiyo sifa ninayoiamini kuliko zote.

Michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, Tanzania, ni habari nyingine. Kule Kolo hakuna benchi wala taa. Unapanda mlima kwanza. Nilifika juu nahema, mzee aliyetuongoza akacheka: "Pumzika kwanza, mwanangu. Hawa hawaendi popote."

Hawa ni watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu ya udongo, chini ya mwamba ulioinama kama paa. Kuna kundi moja la watu watano: wa katikati, anayeonekana ni mwanamke, ameshikwa mikono, wawili upande huu, wawili upande ule, na wa upande mmoja vichwa vyao ni vya ajabu, kana kwamba wamevaa barakoa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona ugomvi, mwanamke anatekwa. Nilikuwa nimelisoma hilo kabla, kwa hiyo nilimwonea huruma.

Lakini watafiti waliofuata, waliosikiliza habari za ngoma za Wasandawe, kabila la pande hizo, wameona uganga. Aliyewahi kuona mtu akipandisha pepo anaijua namna ile ya kumshika: si kumvuta, ni kumzuia asijiangushe. Nikatazama tena, huruma ikaniondoka. Mistari ni ileile.

UNESCO waliiingiza michoro hii kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini wenyeji hawakuacha kuitumia milima yao. Mahali paitwapo Mongomi wa Kolo bado ni pa kuombea mvua na tiba, na pombe ya tambiko imekuwa ikimwagwa hadi kwenye michoro. Wengine wamekuja na sururu, wakachimba mashimo wakitafuta dhahabu wanayodai Mjerumani aliificha. Tamaa nayo ni hisia.

Wahifadhi wanalalamika kuhusu pombe, na wana haki. Ila watazamaji watulivu nao si malaika: pango la Lascaux, Ufaransa, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za waliokuja kushangaa tu zilikuwa zinaiharibu michoro. Wazee wa Kolo waombwe wamwagie pembeni, hatua chache kutoka kwenye rangi, hilo linazungumzika. Kuwawekea uzio ili sisi tupige picha vizuri, hapo sikubali.