Wapi ulitoka kwenda kukojoa?

Swali langu la kwanza lilikuwa bovu. Niliwauliza, "Mumependa sinema?" Watoto 26 wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyooo!", vilevile wanavyoitikia direkta wa shule akiingia darasani. Nikamgeukia mmoja mmoja. Wa kwanza akasema, "Iko muzuri sana, yaya." (Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa.) Wa pili, iko muzuri sana. Wa tatu hivyohivyo, mpaka nikafika kwenye mkeka wa mwisho, na daftari langu lina sentensi moja tu.

Ilikuwa Agosti 2023, katikati ya likizo kubwa, nyumbani kwetu Majengo, upande wa kaskazini wa Goma. Projekta niliazimwa na rafiki anayepiga video za harusi. Shuka la mama tulilifunga kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, jenereta tukaiweka nyuma ya jiko ili kelele ipungue. Sinema niliyochagua ni ile ya kwanza ya Narnia, iliyoongozwa na Andrew Adamson mwaka 2005 kutoka kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950. Nilikuwa na nakala ya Kifaransa. Wakubwa waliokuwa wamefika darasa la tano walikielewa vizuri, lakini wadogo wa miaka sita na saba hawakukielewa, kwa hiyo nilisimama kando ya spika nikitafsiri kwa Kiswahili chetu kila maneno yalipokuwa mengi.

Kwa ambao hawajaiona: ndugu wanne wa London, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanapelekwa kijijini wakati wa vita vya pili vya dunia. Katika nyumba kubwa ya profesa wanakohifadhiwa, Lucy anaingia ndani ya kabati la nguo kujificha, anapita katikati ya makoti, na anatokea kwenye msitu wa theluji. Huko anatawala mchawi aliyefanya iwe baridi mwaka mzima bila Noeli, na simba anayeitwa Aslan yuko njiani kumwondoa.

Nilitaka kujua kwa kweli wanaionaje. Nilikuwa na Jumamosi nne za likizo mbele yangu na sinema za kuchagua, na sikutaka kuwakalisha watoto zaidi ya saa mbili juu ya mawe kwa sababu tu mimi niliipenda sinema hiyo nilipokuwa mdogo. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka jambo nililowahi kusoma kuhusu namna sinema yenyewe ilivyotengenezwa. Georgie Henley, msichana aliyeigiza Lucy, hakuruhusiwa kuuona msitu wa theluji waliokuwa wameujenga studio mpaka siku ya kupiga picha. Alifunikwa macho, akabebwa hadi ndani, na mshangao tunaouona usoni mwake ni wake mwenyewe. Adamson hakumwambia "shangaa". Mimi niliwauliza watoto "mumependa?" na jibu lilikuwa tayari ndani ya swali. Mtoto aliyelelewa vizuri atamwambia nini mkubwa aliyemwonyesha sinema bure?

Jumamosi iliyofuata niliirudia sinema ileile, ila niliikata vipande vinne. Kila kipande kilipoisha nilizima projekta, nikawagawa wawiliwawili, na tochi ikawa mikrofoni: mmoja mwandishi wa redio, mwingine mgeni, kisha wanabadilishana. Mimi nilikaa pembeni kabisa, nikimenya karanga, nikisikiliza. Swali la kupenda nililiacha. Niliwapa mengine: Ungekuwa wewe, ungefungua ule mlango? Nani umemkasirikia? Na lile lililozaa kuliko yote: wapi ulitoka kwenda kukojoa?

Hilo la mwisho nawashauri wote wanaoonyesha watoto sinema walitumie. Mtoto haoni haya kulijibu, wala hajui kwamba anakwambia mahali palipomchosha. Tisa walitoka wakati ule wa mazungumzo marefu nyumbani kwa wale wanyama wawili wa mtoni, mume na mke, wenye meno makubwa ya mbele. Aslan alipofungwa kwenye Meza ya Jiwe hakuna aliyetoka. Mmoja alikiri baadaye kwamba alikuwa amebanwa vibaya sana lakini alihofia simba atakufa yeye akiwa chooni.

Theluji iliwasumbua. Kwetu ardhi ni nyeusi, mtoto akianguka anachubuka goti kwenye lava, na sasa anaona nchi nzima ni nyeupe na watu wanatembea juu yake bila kuumia. Wadogo waliuliza kama ni unga, wengine kama ni majivu ya Nyiragongo, volkano yetu, yaliyopoa. Mvulana wa miaka kumi na moja ndiye aliyemaliza ubishi. Aliwaambia ni ile nyeupe inayoonekana asubuhi nyingine kileleni mwa mlima Karisimbi, ila kule imeshuka mpaka chini.

Simba naye walimwangalia kwa macho ambayo sikuyategemea. Aslan ni neno la Kituruki lenye maana ya simba, na katika sinema ni mfalme mwema asiye na doa. Lakini katika hadithi ambazo watoto hawa wamesimuliwa na bibi zao, simba ana nguvu na hana akili nyingi, na sungura humchezea mpaka aibu impate. Kwa hiyo walikaa wakimngoja sungura. "Yaya, sungura atafika saa ngapi?" Nilipojibu kwamba sungura wa namna hiyo hayumo, msichana mmoja akatoa uamuzi wake kwenye tochi: sinema ni nzuri, lakini mwenye kuiandika amesahau mtu muhimu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya Edmund. Huyu ndiye aliyekutana na mchawi msituni, akapewa kinywaji cha moto na lukumu, zile peremende laini za Kituruki, akaahidi kuwaleta ndugu zake. Simba anakubali kufa badala yake. Kundi la wavulana halikutaka kusikia: "Aliuzisha bandugu yake juu ya bonbon! Balimusamehe juu ya nini?" Wakasema angefukuzwa, wengine wakasema angepigwa. Kelele zikapanda mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Hapo ndipo alipozungumza msichana mmoja wa miaka tisa. Yeye na mdogo wake wanaishi kwa shangazi yao mtaani kwetu tangu walipokimbia vita Rutshuru mwishoni mwa 2022, na Jumamosi ya kwanza alikuwa miongoni mwa waliosema "iko muzuri sana" huku akiangalia chini. Alichukua tochi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mbele ule mchawi afike, ni nani alimuuliza kama alikula?"

Wakanyamaza. Akaendelea. Aliwakumbusha kwamba mwanzoni kabisa, ndege zinapoangusha mabomu London, Edmund ndiye aliyekimbia kurudi ndani ya nyumba kuchukua picha ya baba yake, na Peter akamfokea. "Ye alirudilia picha ya baba. Bengine balikimbia tu." Mimi nimeitazama sinema hiyo mara nyingi tangu utotoni na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili, picha ya baba na kile kikombe cha moto cha mchawi.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu alichobeba au alichosahau. Mei 2021 walikuwa wadogo, lakini wanakumbuka. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni tarehe 22, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, Majengo ikiwa miongoni mwa mitaa iliyotajwa. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro na mbuzi. Mmoja alibeba sufuria tupu. Mwingine alibeba kuku, kuku akatoroka. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao siku zile, na wawili kati ya waliokaa mbele yangu walikuwa kati yao.

Kipande cha tatu nilikiogopa, na niliogopa kwa haki. Papa Noeli anawapa watoto zawadi, nazo ni silaha: Peter anapata upanga na ngao, Susan upinde na pembe ya kupuliza, Lucy kisu kidogo na chupa ya dawa ya kuponya. Kwa watoto wengi hapo ndipo raha inapoanza, na kweli wavulana walipiga makofi. Kisha mmoja wa wakubwa, wa miaka kumi na tatu, akauliza Peter ana miaka mingapi. Nikamwambia bado ni mvulana, hajawa mtu mzima. Akatikisa kichwa. "Basi ni kadogo."

Neno hilo kwetu halihitaji maelezo. Kadogo ndivyo walivyoitwa watoto waliobebeshwa bunduki tangu vita vya 1996, na jina halijapata nafasi ya kusahaulika. Niliwaza kuizima projekta, niseme ni michezo tu, tuendelee. Sikufanya hivyo. Nilikaa nao chini nikamuuliza angemshauri nini Peter. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema upanga angempa simba, kwa kuwa simba ni mkubwa na vita ni vyake, na chupa ya dawa wangebaki nayo wote wanne. Msichana pembeni yake akaongeza kwamba Papa Noeli angeleta viatu, njia ilikuwa ndefu. Maneno hayo niliyaandika kama yalivyo, na ndiyo ninayoyathamini kuliko yote katika daftari lile.

Uigizaji wa mchawi hakuna aliyeulaumu. Tilda Swinton, aliyemwigiza, aliwatisha sawasawa, hasa kwa sababu hapigi kelele. Wadogo walisema anafanana na mtu anayeongea polepole akiwa amekasirika, na kila mtoto anamjua mtu wa namna hiyo. Miguu ya mbuzi ya Tumnus, yule nusu mtu nusu mbuzi ambaye Lucy anakutana naye msituni, waliikubali bila swali lolote.

Kipande cha nne kilipoisha, ndugu wanne wamekuwa wafalme na malkia, wamekua watu wazima, kisha wanarudi kupitia kabati na kujikuta watoto tena. Nilitegemea makofi. Mdogo wa yule msichana wa Rutshuru, wa miaka sita, akauliza, "Na mama yabo?" Nikasema mama yuko London. "Nyumba yabo haikuungua?" Nikasema sinema haionyeshi. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakawa na msimamo mmoja bila mimi kuwauliza: sinema haijaisha. Wakaniomba niandike hivyo, nikaandika.

Petroli iliyobaki ilitosha kama dakika ishirini. Niliwaambia wachague sehemu moja ya kurudia, nikijua ni vita vya mwisho au simba anapofufuka. Waliinamisha vichwa pamoja, wakanong'onezana, wakamtuma yule msichana wa miaka tisa.

"Treni, yaya."

Nikarudisha mwanzo. Kituo kimejaa watoto wa London wenye mabegi, na kila mmoja ana kikaratasi chenye jina lake kimebandikwa kwenye koti. Nikasimamisha picha hapo, kwa sababu walikuwa wamesogea mpaka karibu wauguse ukuta, wakijaribu kuyasoma majina.

"Mama yabo alikuwa na akili," akasema mmoja wa wale wawili waliopotea kwenye barabara ya Sake. "Sisi hawakutuandika."

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Jumamosi iliyofuata walikuja na vipande vya karatasi vifuani, vimeshikwa kwa pini na miiba: jina, jina la mama, mtaa. Wale wasiojua kuandika walikuwa wameandikiwa na dada zao.