Daftari la Maji

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilipanda basi Dar es Salaam nikarudi kwa bibi yangu Kayenze, wilayani Ilemela, Mwanza, ambako nyumba yetu inatazamana na Ziwa Victoria. Nilikuwa na begi la nguo na kaunta buku moja, lile daftari nene la jalada gumu. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa zimejaa, zilizobaki tupu.

Hiyo ilikuwa kaunta buku yangu ya nne. Tangu kidato cha tatu nilitamani kuwa mtu anayeandika maisha yake kila siku, na kila mara nilianza kwa kishindo: kurasa mbili usiku wa kwanza, nusu ukurasa usiku wa pili, halafu siku moja inanipita nimelala. Asubuhi nikilitazama lile pengo naona daftari zima limeharibika. Silishiki tena.

Bibi anauza dagaa. Anawanunua kwa ndoo alfajiri mitumbwi inaporudi, anawaanika kwenye vichanja, wakikauka wanaingia kwenye magunia kwenda soko la Mwaloni Kirumba. Mwaka ule vichanja vilikuwa vinahamishwa kila baada ya siku chache, maana ziwa lilikuwa linapanda. Mvua za vuli za 2019 zilikuwa kubwa, na masika yakaja juu yake. Ziwa letu sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Nile kule Jinja. Likishashiba, halishuki upesi.

"Mume wangu," bibi aliniambia jioni moja. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Wewe mwenye miguu mirefu, hebu kanihesabie hatua kutoka kwenye mwembe mpaka majini."

Nilihesabu 31.

"Na kesho tena," akasema.

Hakuniambia niandike. Niliandika kwa kuogopa kusahau, nikijua kesho ataniuliza yamesogea kiasi gani. Siku ya pili 31. Siku ya tatu 30. Nilipofika siku ya kumi ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kufika siku ya kumi maishani mwangu.

Nimefikiri sana kwa nini safari ile ilishika. Zamani nilikuwa nakaa mbele ya ukurasa nikijiuliza leo nimejisikiaje, na siku nyingi sikuwa na jibu la kuniridhisha. Kwa bibi jibu lilikuwa linanisubiri nje, chini ya mwembe, saa kumi na mbili jioni, wakati kuku wanaingia bandani. Kalamu niliifunga kwa uzi wa nyavu kwenye msumari wa mlango wa jikoni ili isipotee. Nikirudi kutoka majini, kabla sijanawa miguu, naandika tarehe na hatua. Nikiwa nimeshika kalamu tayari, mkono unaendelea wenyewe: upepo umetoka wapi, nani amepita, bibi amesema nini. Siku nyingine ni mstari mmoja, siku nyingine ukurasa. Sikujilazimisha zaidi ya ule mmoja.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Mei 17, upepo ulivuma kutoka ziwani tangu jua lilipozama. Lilikuwa giza la mwezi, msimu wa dagaa, lakini taa tulizoziona majini zilikuwa chache, na zile chache zilirudi mapema. Kabla ya saa nne usiku wimbi likapiga ukuta wa banda la magunia. Tulikuwa na magunia 14. Niliyabeba moja moja kichwani mpaka kwa jirani kule juu kwenye mawe, bibi akinimulikia kwa tochi ya simu na kunihimiza nisikanyage kwenye tope la kichanja. Tulilala hatujala.

Asubuhi ziwa limetulia kama halikufanya kitu. Nilifungua daftari nikaona Mei 16 haipo. Sikuwa nimepima, sikuwa nimeandika. Nilihisi ule uzito wangu wa zamani, nikalifunga.

Bibi alikuwa anachochea moto. "Hatua ngapi?"

"Jana sikupima, bibi. Limeshakatika."

"Kilichokatika nini? Jana si ilikuwepo? Tumebeba magunia usiku kucha." Akageuka kunitazama. "Mimi nimeolewa hapa mwaka wa Uhuru. Maji ya mvua za Uhuru niliyaona yakipanda mpaka mwaka wa sitini na nne. Ukiniuliza yalifika wapi nitakuonyesha, yalifika pale. Lakini mwaka jana nilimwonyesha mjomba wako, naye akasema zamani nilikuwa naonyesha kwingine. Andika, bwana."

Niliandika: "16/5. Sikupima. Magunia 14, yote yamepona." Halafu nikaenda nikahesabu. Hatua 6.

Bibi alipita kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, anasoma, ila macho yamechoka. Siku ile hakukuwa na dagaa wa kuanika. Aliketi kwenye kigoda akaniambia nimsomee tangu mwanzo. Nikasoma. Alikuwa anacheka penye kuku aliyeibwa na kicheche, anatikisa kichwa kwenye namba. Nikafika hapa:

"3/5. Hatua 11. Upepo mdogo. Bibi amekaa kwenye jiwe mpaka giza. Nimempelekea chai, ameiacha ikapoa."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akanyamaza muda mrefu, akiwa ameshika ncha ya khanga.

"Siku hiyo ndiyo aliyoondoka babu yako."

Babu alifariki mwaka 2003, nikiwa na miaka mitano. Kaburi lake nalijua, ni la mawe, halina maandishi. Tarehe sikuwahi kuijua, wala sikuwahi kuiuliza. Jioni ile ya Mei 3 niliona mwanamke mzee amechoka na vichanja, basi. Niliandika chai kwa sababu niliiona inapoa.

"Nilidhani hakuna aliyeniona," bibi akasema.

Nilishindwa la kumjibu. Ni yeye aliyeendelea: "Ongeza hapo. Andika kwamba siku tunamzika, maji yalikuwa mbali. Jeneza lilipita njia ya chini, pale ambapo sasa kuna magugu yanaelea." Nikaandika kama alivyosema, pembeni ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki kidogo.

Vyuo vilifunguliwa Juni mosi. Jioni ya kwanza Dar es Salaam, saa kumi na mbili, nilitoa daftari nikakuta sina mwembe wala maji. Nikampigia simu bibi. Akasema ngoja, nikamsikia anamwita mtoto wa jirani, kisha sauti ndogo inahesabu kwa nguvu ikienda mbali na simu, inarudi inakimbia.

"Kumi na tano," bibi akasema. "Lakini miguu yake mifupi."

Niliandika 15, na mbele yake: hatua za mtoto.